Leo Kishindo Amecheza Nini

2 Machi

Wifi yangu,

Salamu kwanza, umbea baadaye. Sisi hatujambo. Kifurushi cha dawa kimefika salama, dereva wa basi amekileta mpaka mlangoni akadai chai, nikampa. Asante sana, maana maduka ya dawa ya huku ukiuliza dawa ya tezi unaletewa ya mafua.

Sasa sikiliza mambo ya mwanao, huyu binti yangu. Kishindo amefungua kampuni ya maji. Kaka yako akitoka kazini anarudi na vipande vya mabomba vilivyobaki, si unajua fundi bomba hana zawadi nyingine ya kumletea mtoto. Basi mwanao kachimba mtaro kutoka karo la kufulia hadi nyuma ya choo, kaunganisha mabomba yake, kaajiri watoto wa majirani, wote wavulana, na anawafukuza kazi kila siku kabla ya chakula cha mchana. Jana mke wa seremala alikuja kushtaki kwamba mwanawe amekatiwa maji kwa kumjibu mkurugenzi vibaya. Mkurugenzi ana miaka saba na hana meno mawili ya mbele. Nilicheka mbele ya yule mama, lakini nilipoingia ndani sikucheka.

Wiki nzima nilimshonea mwanasesere kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Macho ya vifungo, nywele za uzi, gauni la marinda ambalo hata mimi ningelivaa. Unajua alimfanya nini? Alimzibia bomba. Nilimkuta kichwa ndani, miguu nje, kalowa chapachapa. Nikamwuliza, mwanangu, ndiyo nini hii. Akanijibu, "Mama, huyu anaziba vizuri kuliko matambara yote." Alikuwa ananisifu.

Na mama yenu naye. Tangu macho yaanze kufifia anashinda kibarazani kwenye kiti chake, na kila jioni nikitoka chumba cha kushonea, kabla hata hajanipa pole ya kazi, swali ni moja tu: "Leo amecheza nini?" Namjibu, amecheza na mabomba, mama. Anaguna, "Mh." Basi, imeisha. Hiyo "mh" ndiyo ninayolala nayo wifi, na ndiyo ninayoamka nayo.

Sasa nikuulize wewe wa wodini. Siku ile ya kwanza ulitueleza kwamba Kishindo alipokuwa tumboni mwangu alipata homoni za kiume kupita kiasi, na kwamba vidonge hivi ndivyo vinavyozipunguza. Je, hivi anavyokunywa vinatosha kweli?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua nyumba yetu. Vyumba viwili, na mama macho yamepungua lakini masikio yameongezeka.

Wifi yako wa cherehani


11 Machi

Wifi yangu wa cherehani,

Barua yako nimeisomea chumba cha wauguzi wakati wa chai, wenzangu wakadhani nimepokea posa, jinsi nilivyokuwa nikicheka. Huyo mwanasesere mzikeni kwa heshima, amekufa kazini.

Ndiyo, vinatosha. Vipimo vya Desemba vilikuwa vizuri. Tezi zake zile zilizo juu ya figo hazijui kutengeneza kitu kimoja ambacho mwili hauwezi kuishi bila, na kila zikijaribu zinamwaga homoni za kiume badala yake. Kidonge kinampa kile kinachokosekana, na tezi zinatulia. Nusu asubuhi, nusu mchana, nusu jioni. Siku ya homa mnaongeza kama mlivyofundishwa, homa ikipoa mnarudi palepale.

Kuhusu mabomba, mwache. Mimi sikuwa na ugonjwa wowote tumboni mwa mama, na nilikuwa golikipa wa mtaa mzima. Muulize kaka yangu lile kovu la paji la uso alilipata wapi.

Na mama mpuuze. Kuguna ndiyo lugha yake. Nasikia hata siku baba alipokuja kuposa, alimgunia.

Wodi imejaa, vitanda tunavibananisha, miguu yangu imevimba. Niombee likizo.

Wifi yako wa wodini


20 Aprili

Wifi yangu,

Habari za huko? Sisi wazima kabisa, na safari hii nina habari za kukufurahisha.

Kishindo ametulia. Sikudanganyi. Kampuni ya maji imefungwa, mtaro umejifukia wenyewe kwa mvua, wale wafanyakazi wake wamejaribu kumwita mpaka wamechoka. Siku hizi akitoka shule anakaa ndani na mimi, chini ya meza ya kukatia, ananipangia vifungo kwa rangi. Juzi alimchukua yule mwanasesere, aliyekwisha kukauka, akalala naye mchana mzima. Nilimtazama mpaka nikasahau mguu kwenye pedali, sindano ikapita kwenye shati la mwalimu mkuu pasipo na mshono.

Na anakula, wifi. Yule mtoto wa kubembelezwa kwa kijiko sasa anamaliza sahani yake na ananitazama mimi na sahani yangu. Mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Sare ya shule nimemlegeza kiuno mara mbili tangu Machi, ingawa pindo sijaligusa tangu mwaka jana, lipo vilevile gotini. Majirani wananipongeza, wanasema mtoto ananawiri.

Mama naye amenyamaza. Haulizi tena amecheza nini. Akimsikia mtoto anapita anamwita tu, anampapasa uso na mikono, kisha anamwachia. Hata haguni. Nadhani ameridhika.

Jambo dogo moja. Naomba kifurushi cha dawa kiwahi safari hii. Paa lilivuja juu ya kabati, vidonge vikalowa, ikabidi nivitupe vingi. Usimsumbue kaka yako kwa hilo, ana kazi nyingi.

Wifi yako wa cherehani


24 Aprili

Wifi,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, na nimemwambia asikabidhi kwa mtu mwingine ila wewe. Ningepiga simu, lakini najua ungenijibu "wote hatujambo" kwa kuwa mama amekaa hapo.

Nakuuliza jambo moja, nijibu ndiyo au hapana. Unamwongezea mtoto vidonge?

Paa nililiezekesha mimi kwa mshahara wangu mwaka juzi, na kabati liko upande usiovuja. Lakini si paa lililonitia wasiwasi. Ni sare. Wewe ni fundi, umenipa vipimo mwenyewe bila kujua unanipa nini. Mtoto wa miaka saba anayepanuka kiuno mara mbili kwa mwezi mmoja na pindo halishuki hata kidogo hanawiri, wifi. Mashavu kujaa, njaa isiyoshiba, kukaa chini muda wote, haya nayajua, watoto hao nawauguza. Dawa hii ikizidi inamnenepesha mtoto na kumzuia asirefuke, inamlegeza misuli mpaka kukimbia kunamshinda. Hakutulia. Amechoka.

Sasa shika hili kwa mikono miwili. Kama jibu ni ndiyo, usiache ghafla. Usije ukaingiwa na hofu ukavitupa vyote, hapo ndipo utakapompoteza. Tezi zake zimelala zinategemea kidonge, ukikiondoa mara moja anaweza kuanguka. Endelea kumpa unavyompa mpaka umlete hapa, daktari ndiye atakayepunguza. Ijumaa kuna kliniki ya homoni. Njooni kwa basi la asubuhi, mtalala kwangu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Huo msemo nimeuona ukitimia kwenye vitanda kadhaa vya wodi yetu, sitaki kuuona kwenye damu yangu.

Sijakasirika. Hapana, nimekasirika, lakini njoo.

Wifi yako


26 Aprili

Wifi,

Ndiyo.

Nimekaa na kalamu tangu mama alipoanza usingizi wake wa mchana na hilo ndilo neno lililonitoka. Ndiyo. Asubuhi kizima badala ya nusu, na jioni kizima. Mchana sikugusa kwa kuwa anakunywa shuleni. Nilianza wiki moja baada ya barua yako ya Machi, ile ya vichekesho.

Usinielewe vibaya, sikulaumu. Wewe uliniambia vinatosha. Mimi nikajiambia, vinatosha kwa mwili, lakini kama homoni za kiume zingekuwa zimepungua kweli, mbona anacheza vile? Nikawa naupima mchezo wake kama wewe unavyopima joto. Siku ya mabomba nasema zimepanda. Siku akikaa na vifungo, nasema zimeshuka. Na siku za homa huwa tunaongeza na sijawahi kuona amedhurika, kwa hiyo nikasema nusu mbili si sumu. Wembe wa kufumulia nyuzi ndio niliokuwa nakatia vidonge. Siku ile nilipoacha kuvikata, nilijiona nimepata akili.

Alipoanza kutulia niliamini nimempata. Wifi, nilifurahi mno. Nilimwona amelala na mwanasesere nikasema sasa mama hatanigunia tena. Kumbe mwanangu alikuwa hana nguvu za kusimama.

Wewe humsikii mama jioni. Kila siku ya Mungu, "Leo amecheza nini?" Tangu macho yake yaanze kufifia. Mimi ndiye niliyembeba, tumbo ni langu, homoni zilimwagika ndani yangu. Najua anachouliza. Anauliza nilimfanyia nini mjukuu wake.

Kaka yako nimemwambia leo asubuhi. Alikaa akashika spana yake, akaigeuzageuza. Kisha akasema atatusindikiza kituoni. Natetemeka hata kumpa maji ya kunywa, naogopa mkono wangu. Jioni hii kaka yako ndiye atakayempa dawa.

Tunakuja Ijumaa. Kama nimemwua, niambie wewe, usimwachie daktari.

Wifi yako


10 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Anza hapa kabla ya salamu: majibu yametoka na Kishindo yu mzima.

Soma tena, nakusubiri.

Chumvi ya damu ipo sawa. Sukari sawa. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda kidogo, limeanza kushuka. Ile picha ya mkono aliyopigwa, daktari ameitazama na kuniita nije niitazame na mimi, akasema mifupa ina nafasi yake yote ya kurefuka, haikupoteza kitu cha maana. Miezi kadhaa ya kushusha dawa polepole, kama ratiba aliyokuandikia inavyosema, na mwili utajirekebisha. Mashavu yatapungua yenyewe. Amesema mtoto ameletwa mapema, nikamwambia tumshukuru fundi wa nguo anayeandika vipimo hata kwenye barua za uongo.

Najua ulipoondoka hapa ulikuwa bado hujaamini alichokueleza, ulikuwa unaitikia tu kwa kichwa. Nakurudishia kwa maneno yetu. Zile homoni zilimpitia akiwa tumboni, miezi ile imekwisha, na kidonge cha leo hakiwezi kurudi kule kufuta. Huenda ndizo zilizomfanya apende mabomba. Wasichana wengi wenye hali hii hupenda michezo ya vishindo kuliko wasichana wengine, hilo wataalamu wameliona. Si wote lakini. Umesahau yule binti tuliyekaa naye kwenye foleni, mwenye hali hiihii ya Kishindo na vidonge hivihivi? Alikuwa anamsuka mwanao nywele na kumwimbia, huku mwanao anafungua skrubu za benchi la hospitali kwa ufunguo wa nyumba yangu. Ugonjwa mmoja, watoto wawili. Kidonge kinalinda uhai wake, na mchezo wake hautibiwi kwa dawa kwa kuwa si ugonjwa.

Na hakuna ulichokula wala ulichofanya kilicholeta haya. Hali hii inatoka kwa wazazi wote wawili, nusu kwako nusu kwa kaka yangu, na nyote wawili hamkujua kuwa mnayo. Ukitaka kumlaumu mtu, anza na ukoo wetu, tupo wengi.

Sasa la mama. Nilipata wakati nikampigia simu, wewe ukiwa sokoni kununua vitambaa. Nikamwuliza bila kupindapinda: mama, kwa nini kila jioni unamwuliza mke wa mwanao mtoto amecheza nini?

Akaniambia hivi. Kishindo alipokuwa mchanga wa wiki mbili, wewe ulikuwa bado umelazwa, mshono wa uzazi umeingia uchafu, hujitambui. Mtoto alikuwa kwake. Alitapika, akatapika, kisha akaacha hata kulia. Mama akambeba mgongoni mpaka hospitali, na anasema njia nzima alikuwa anamtikisa ili asikie chochote, hata kilio, hakuna. Walipomrudisha kwenye uhai, daktari wa siku ile akamwambia, bibi, mtoto huyu ukiona ameacha kucheza usingoje homa, mlete hapohapo. Wewe hukuambiwa hayo kwa kuwa ulikuwa mgonjwa, na ulipopona yeye alidhani unayajua.

Zamani alikuwa anamtazama mwenyewe. Macho yalipofifia ikabidi aulize. "Akiniambia amecheza na mabomba, amefukuza watoto, amelowa, mimi naguna," amesema. "Mwanangu, ile mh yangu ni ya kushukuru. Unataka nipige vigelegele kila jioni?"

Kisha akaniambia kilichonitoa machozi. Aprili nyumba ilipokuwa kimya aliacha kuuliza kwa kuwa aliogopa jibu. Alidhani mtoto anaumwa na wewe unamficha. Alikuwa anampapasa usoni kutafuta homa. Wewe unamwogopa yeye, yeye anakuogopa wewe, na kibaraza chenyewe hakitoshi viti vitatu.

Nimemaliza. Nakwenda kulala, miguu inawaka moto.

Wifi yako wa wodini


6 Juni

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikakaa kwenye ngazi nikaisoma tena, kisha nikalala. Kweli nakuambia. Niliweka kichwa juu ya kitambaa cha sare za kwaya, saa za kazi, mteja akaja akanikuta, akaondoka. Kaka yako anasema nilikoroma. Sikumbuki mara ya mwisho nililala bila kusikiliza kitu.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na mzigo miaka saba na akadhani ndio uzito wake. Nimeshusha pumzi wifi, na kila nikiishusha naona kuna nyingine chini yake.

Na mama tumeongea. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianza na kumtengenezea chai, nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamwambia yote, wembe, vidonge, kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi nilinyamaza Aprili nzima kama mjinga." Kisha akataka kujua mshono wangu wa uzazi kama bado unaniuma siku za baridi. Hajawahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ndiyo, unauma. Akasema wake pia.

Mwanao ndiye sasa anayetoa ripoti ya jioni mwenyewe. Anasimama mbele ya bibi yake, mikono nyuma, anasoma kazi za siku kama mtangazaji wa habari, na anatia chumvi mno. Juzi alidai amejenga bwawa. Lilikuwa beseni langu. Bibi anamwuliza maswali ya kiufundi, lina kina gani, maji yanatokea wapi, nani msimamizi. Kaka yako anawasikiliza huku akijifanya anatengeneza bomba lisilo na ubovu.

Daktari alituona wiki iliyopita, tumeshuka ngazi mbili kwenye ratiba. Mashavu yanapungua, macho yamerudi. Amerefuka kidogo sana. Daktari alipima kwa kijiti chake cha ukutani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpima nyumbani kwa futi yangu ya kupimia nguo na nilijua jibu, nikanyamaza ili nimwachie daktari furaha yake.

Kuna jambo sikukuambia. Tangu Aprili kaka yako ndiye aliyekuwa anatoa dawa. Mimi nilikuwa natoka nje kabisa akiishika ile chupa. Akisafiri kikazi alikuwa anamwachia mke wa seremala, na mimi nilimwacha afanye hivyo, mama mzima najificha jikoni wakati jirani anamnywesha mwanangu dawa. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza zaidi.

Leo yuko mbali, mabomba ya shule moja yamepasuka. Mke wa seremala amekwenda msibani. Likizo imeanza, kwa hiyo dawa ya mchana nayo ni ya nyumbani. Ilipofika saa yake nikaitazama chupa, nikaiacha, nikaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama akaniambia kutoka kibarazani, bila kugeuza kichwa, "Ni wewe uliyebaki, mwanangu." Basi nikajikaza kisabuni. Nikachukua wembe, nikakata kidonge katikati, nikaweka nusu kwenye kiganja na nusu nikairudisha kwenye chupa.

Nikamwita. Alikuja anakimbia, matope mpaka kwenye nyusi, nyuma yake watoto wanne wanangojea amri. Hakuniuliza kama mimi ndiye ninayetoa dawa siku hizi. Alifungua mdomo tu kama kifaranga, nikamwekea, nikampa maji, akameza. Akaniambia, "Mama, haraka, tumefungulia maji na hakuna anayeshika bomba." Akarudi mbio.

Nilibaki nimesimama na bilauri mkononi, nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umetulia. Jioni nitampa nusu nyingine.

Wifi yako wa cherehani